Mlango wa kwanza hufungwa Kidato cha Tatu: jinsi ninavyowaandaa wanafunzi kwa chuo na kazi

Kila Januari, wiki ya kwanza ya kufungua shule, napita Kidato cha Tatu na kuuliza: nani ameacha Fizikia? Mikono mingi huinuka, na nyuso zao huwa kama za watu waliotua mzigo. Kisha nauliza: nani anataka kuwa nesi? Katika mikono ile ile, mitano au sita huinuka tena.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Stashahada ya uuguzi inataka cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Mtoto aliyeiacha Fizikia leo na kutamani unesi amejifungia mlango mwenyewe, na hakuna mtu mzima aliyemwambia.

Ninafundisha Jiografia katika shule ya kata wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa pia mwalimu wa unasihi, na meza yangu ya ushauri iko pembeni ya stoo ya vitabu. Nawaandikia walimu wenzangu waliopewa kazi hii bila mafunzo, kama nilivyopewa mimi, na wazazi wenye kijana sekondari wasiojua waanzie wapi. Wengi huanza siku ya matokeo. Siku hiyo mambo mengi yamekwisha kuamuliwa.

Kaunta buku, ukurasa mmoja kwa kila mtoto

Anza Kidato cha Pili, muhula wa pili, kabla ya mtihani wa upimaji wa Novemba. Nunua kaunta buku ya kwaya nne. Kila mwanafunzi mpe ukurasa wake. Juu andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, si kama anavyoitwa darasani. Sababu yake nitaieleza. Chini yake weka alama za kila muhula, kazi mbili anazozitamani, mtu atakayemlipia ada, na kitu anachokifanya nyumbani bila kusukumwa.

Hicho cha mwisho usikiruke. Mwanafunzi mmoja aliniandikia "udaktari" mara tatu mfululizo. Nilipomuuliza anafanya nini Jumamosi, akasema anatengeneza pampu za kupulizia dawa michungwa, za kwao na za majirani. Alama yake ya Biolojia ilikuwa 38, ya Fizikia 71. Udaktari aliuandika kwa sababu ndiyo kazi kubwa pekee aliyowahi kusikia watu wakiisifu. Tulizungumza vipindi viwili tu, akaanza kuuliza habari za ufundi mitambo mwenyewe.

Ukiwaacha watoto waandike bila kuwaonyesha kitu, utapata kazi nne: daktari, mwalimu, mwanasheria, mwanajeshi. Wanaandika walichokiona. Dawa yake ni kuwapeleka wakaone.

Wapeleke wakaone

Huhitaji basi la kukodi. Mimi huchukua wanafunzi wanne au watano kwa safari, tena mahali pa karibu. Naandika barua kwa mkuu wa ofisi wiki tatu kabla, yenye muhuri wa shule, nikiomba saa moja tu. Watu wakiombwa saa moja hukubali; wakiombwa siku nzima hukwepa.

Hapa Muheza tuna bahati ambayo wengi wetu hatuijui. Kuna kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wanapochunguza malaria na matende. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, penye wapimaji wa udongo na watafiti wa mkonge. Kuna Hospitali Teule. Na bandari ya Tanga haiko mbali. Mtoto aliyezaliwa kilomita chache kutoka Mlingano anaweza kumaliza Kidato cha Nne bila kujua kuwa kupima udongo ni kazi ya mshahara. Mwalimu wa Sengerema atakuwa na samaki na ziwa, wa Mufindi atakuwa na misitu na viwanda vya chai. Tazama kilicho karibu nawe.

Kila mwanafunzi abebe maswali matatu na amuulize mtu anayeifanya kazi, si ofisa uhusiano. Ulisoma masomo gani Kidato cha Nne? Ulipita chuo gani, kwa miaka mingapi? Jana, toka ulipofika kazini hadi ulipotoka, ulifanya nini? Swali hili la tatu huwafungua macho zaidi. Binti aliyetaka maabara alirudi akisema, "Madamu, kumbe kutwa nzima ni kuangalia darubini na kuandika," na macho yalikuwa yanang'aa. Mwenzake alisikia maneno yale yale akaifuta maabara kwenye ukurasa wake. Wote wawili walifaidika.

Anzia kwenye kazi, rudi nyuma hadi kwenye somo

Baada ya kuona, ndipo karatasi. Kuna miongozo miwili ambayo kila mwalimu wa unasihi lazima awe nayo kwenye simu: mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa vyuo vikuu, na ule wa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kwa vyuo vya kati. Yote hutolewa bure kwenye tovuti zao na hubadilika, kwa hiyo pakua ya mwaka huu, usitumie ya mwaka juzi uliyohifadhi. Ni mikubwa, chapisha kurasa unazozihitaji tu.

Soma na mwanafunzi safu ya sifa za kujiunga, kwa kidole. Chukua udaktari wa binadamu, yaani MD. Mwongozo unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia ya Kidato cha Sita, pointi zisizopungua 6, na angalau D katika kila moja. Pointi huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D tatu zinafikisha 6. Mweleze pia kuwa hicho ni kizingiti cha kuomba, si cha kuchaguliwa. Kwenye vyuo kama Muhimbili wanagombana wenye alama za juu mno kuliko hizo. Ukiishia kwenye kizingiti unamdanganya mtoto.

Sasa rudini nyuma. Ili asome hayo matatu Kidato cha Tano anahitaji tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, ya PCB: Fizikia, Kemia na Biolojia. Ili apate PCB lazima awe na Fizikia nzuri Kidato cha Nne. Ili awe nayo hapaswi kuiacha Januari ya Kidato cha Tatu. Mstari mzima uandike ukurasani kwake, kutoka kazi hadi somo. Mwanafunzi akiuona kwa mwandiko wake mwenyewe, hahitaji kuhubiriwa kuhusu Fizikia.

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Mwaka 2017, matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, binti mmoja alikuja na daraja la pili: Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Alitaka udaktari toka Kidato cha Kwanza. Nikamshauri achukue CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, badala ya PCB, nikamwambia Fizikia itamchosha, na kwamba kwa Kemia na Biolojia bado atafika. Sikuwa nimefungua mwongozo. Alinisikiliza kwa sababu nilikuwa mwalimu wake. Alipomaliza Kidato cha Sita 2019 na alama nzuri, tukafungua mwongozo pamoja, na Fizikia ilikuwa pale kwenye mstari wa kwanza. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Basi, Madamu." Alisoma kilimo Morogoro na leo ni bwana shamba, kama wanavyomwita wakulima wake ingawa ni mwanamke, anaifanya vizuri kazi hiyo. Lakini udaktari niliufunga mimi. CBG hufungua kilimo, misitu, mazingira, ualimu. Haifungui MD. Toka mwaka ule sisemi neno juu ya tahasusi bila ukurasa wa mwongozo mezani.

Tahasusi na Selform

Wanafunzi huziita kombi. Kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne wa Novemba hujaza fomu ya machaguo, Selform, na wengi huijaza kwa kumwangalia jirani. Tenga siku mbili nzima kwa kazi hiyo, ukiwa na kaunta buku mkononi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, zikiwemo za lugha, michezo na sanaa, na si kila shule inazo. Kwa hiyo anayechagua mpya aangalie pia shule zinazoifundisha. Shule zilizoanza mtaala mpya zina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na huko mazungumzo haya yanapaswa kuanza mapema zaidi.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui: matokeo yakishatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi shuleni, hufungua mfumo kwa muda ili mwanafunzi abadilishe tahasusi au chuo kulingana na alama alizopata. Muda huo ni wa wiki chache. Mimi huandika tarehe ya mwisho ubaoni nje ya ofisi na kuwapigia simu wale ambao alama zao zimepishana na machaguo yao. Mtoto aliyejaza PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) akapata F ya Hisabati asipobadilisha, huenda jina lake lisionekane, naye atakaa nyumbani akidhani amefeli kila kitu.

Kuhusu Hisabati nitasema kwa ufupi. Usimruhusu mwanafunzi yeyote aitupe kwa sababu "anasoma sanaa." Kozi nyingi za biashara, uchumi na kompyuta humuuliza alama ya Hisabati ya Kidato cha Nne mtu ambaye hakuisoma Kidato cha Sita. D moja inayopatikana kwa kujifunza mada tano vizuri inaweza kumwokoa.

Vyuo vya kati si adhabu

Mzazi mmoja, mzee wa heshima, alinijia akiwa amekunja uso. "Mwalimu, mwanangu kapata daraja la tatu, wewe unamtuma chuo cha kati. Kwani kafeli?" Nilimkaribisha kiti, nikachukua kalamu.

Tulihesabu. Kidato cha Tano na cha Sita ni miaka miwili, kisha shahada miaka mitatu au zaidi. Akikwama katikati, ana cheti cha Kidato cha Sita tu. Njia nyingine: stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kwa mwenye ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia kati ya masomo manne ya Kidato cha Nne. Akimaliza ana taaluma ya kumwingiza kazini. Akitaka shahada, stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 humfungulia milango ya vyuo vikuu, ingawa kozi zenye ushindani hudai zaidi. Yule mzee alichukua ile karatasi akaikunja mfukoni. Kijana alikwenda chuo.

Shida ni kwamba vyuo vyenyewe havijulikani. Ubaoni kwangu nimeviandika pamoja na kazi zake, na hapo wanafunzi husimama sana wakati wa mapumziko: Chuo cha Bahari Dar es Salaam kwa mabaharia, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kwa magari na usafirishaji, Chuo cha Maji, Chuo cha Madini Dodoma, Chuo cha Ardhi Tabora kwa ramani, Chuo cha Misitu Olmotonyi kule Arusha, Mweka kwa wanyamapori, ambacho kipo toka 1963. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Mvulana mmoja wa Amani, ambaye babu yake alikuwa na mizinga, hakuamini kuwa kuna chuo cha nyuki hadi nilipomwonyesha ukurasa.

Na VETA, vyuo vya ufundi stadi, ivitaje kwa sauti ile ile unayoitaja Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtoto husikia sauti ya mwalimu kabla ya maneno yake.

Karatasi ndizo zinazowaangusha

Nimeona wanafunzi wenye alama safi wakikosa mwaka mzima kwa sababu ya herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cheti cha Kidato cha Nne kinasema Mwanaamisi. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na wakala wa Zanzibar kwa aliyezaliwa visiwani, na majina yasipolingana safari za kwenda kwa wakili na wilayani huanza huku dirisha linafungwa. Ndiyo maana nasema jina liandikwe kutoka kwenye cheti tangu Kidato cha Pili. Kabla ya usajili wa mtihani wa taifa bado lina nafasi ya kurekebishwa. Asiye na cheti kabisa aanze kukitafuta siku hiyo hiyo.

Aliyefiwa na mzazi atafute cheti cha kifo mapema nacho kihakikiwe. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini itunze namba yake ya kaya, kwa maana huhitajika kwenye maombi ya mkopo. Yote haya nayaweka kwenye bahasha moja ya kaki yenye jina la mtoto, na nakala zake napiga picha.

Simu na barua pepe vina hadithi yake. Wanafunzi wetu huomba vyuo kwenye steshenari mjini. Mhudumu, kwa nia njema, huwafungulia akaunti kwa barua pepe yake na kuweka neno la siri analolijua yeye. Miezi miwili baadaye mtoto amechaguliwa vyuo viwili, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe umekwenda kwenye laini iliyopotea. Nafasi inakwenda. Kwa hiyo Kidato cha Nne kila mwanafunzi wangu hufungua barua pepe yake mwenyewe, kwa jina lake, na neno la siri analiandika kwenye daftari lake la nyumbani. Namba ya simu iwe ya mzazi au mlezi ambaye laini yake haibadiliki. Kwa wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria baada ya Kidato cha Sita, hili ni lazima: dirisha la udahili huweza kufunguka wakiwa kambini, na mtu wa nyumbani anayeaminika ndiye atakayefuatilia.

Fedha, izungumzwe mapema na mzazi akiwepo

Mimi huitisha kikao cha wazazi wa Kidato cha Nne mwezi Agosti, baada ya machungwa ya kwanza kuuzwa, maana wakati huo wanakuja. Nawaambia mambo matatu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni. Akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe. Mkopo si wa kila mtu, na kiasi hutofautiana, hivyo familia ijipange kwa sehemu isiyolipiwa. Na toka mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya, nazo hukopeshwa, kwa hiyo chuo cha kati hakimaanishi kuuza shamba.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Huja kwa awamu, na mara nyingi mwanafunzi hufika chuoni kabla yake. Nawaomba wazazi waweke akiba ya nauli na chakula cha mwezi mmoja wa kwanza. Nauli kutoka kituo cha mabasi cha Kange, Tanga, hadi Dodoma au Mbeya si kitu cha kukopa asubuhi ya safari.

Kwa waliofanya vizuri sana sayansi Kidato cha Sita kuna Samia Skolashipu, ambayo si mkopo. Orodha yake hutolewa baada ya matokeo. Mfuatilie mtoto wako mwenyewe, usingoje apigiwe.

Siku ya matokeo

Mimi hukaa shuleni siku hiyo na kaunta buku. Waliofaulu hawanihitaji sana. Nawangoja wale wanaopita nje ya geti bila kuingia. Daraja la nne lina vyuo. Wengine wanahitaji somo moja tu, na wanaweza kulirudia kama watahiniwa wa kujitegemea huku wakijifunza ufundi. Wa sifuri nazungumza nao siku ya pili, nyumbani kwao, siyo siku hiyo. Kitu cha kwanza ninachofungua ni mstari wa "anachokifanya bila kusukumwa."

Kila mwanafunzi anapopata mahali, ukurasa wake naufunga kwa kuandika chuo, kozi na namba ya simu aliyoniruhusu kuitoa. Kaunta buku za zamani sizitupi. Binti wa Kidato cha Pili akiniambia anataka kuwa mpima ardhi, nafungua ya 2018, napata aliyesomea kazi hiyo, na wanaongea kwa simu yangu wakati wa mapumziko ya saa nne.